Kifua, Kiuno, Urefu

Agatha, fundi cherehani wa Nsemulwa, Mpanda mjini, hakuibiwa na mtu aliyeruka ukuta. Alitoa mwenyewe, kwa mkono wake, saa nne ya asubuhi, mguu mmoja ukiwa kwenye kanyagio la cherehani na pini tatu zikiwa mdomoni. Nasema mapema ili baadaye mtu asije akamhurumia kuliko anavyostahili. Anastahili kuhurumiwa, ila si sana.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya kipaimara. Mwaka huo ibada iliwekwa mjini Mpanda, watoto wa vigango vya mbali nao wangeshushwa kwa Fuso, na askofu mwenyewe angekuja. Wasichana ishirini na watatu walikuwa wameagiza magauni meupe kwa Agatha. Satini ilishanunuliwa, lesi ilishanunuliwa, na vipimo vya karibu wasichana wote vilikuwa kwenye Wasap. Zamani aliviandika kwenye daftari, lakini daftari lilipoisha mwezi wa tatu hakuona sababu ya kununua jingine. Simu haiishi kurasa.

Kina mama aliwafundisha utaratibu wake. Hakuna haja ya kumleta mtoto mjini na kulipa nauli. Mama ampime huko huko, atume namba tatu za inchi, kifua kwanza, kisha kiuno, kisha urefu. 30 26 42. Hakuna maneno, hakuna salamu ndefu. Wa Magamba walishika utaratibu, wa Mwese kule milimani wakaushika, na Agatha alijivunia kwa sababu hata yule fundi wa sokoni mwenye vyerehani vinne hakuwa na kitu kama hicho.

Jumanne hiyo ukaingia ujumbe wa Jeannine wa Mwese, ambaye alikuwa ameagiza magauni matatu na vipimo vya binti wa tatu hakuwa ametuma. Picha ilikuwa yake, na kitenge chake cha njano. "Dada Agatha habari. Kuna namba sita nimekosea nikazituma kwako kwa meseji ya kawaida. Naomba unirudishie hapa, nazihitaji haraka."

Na kweli, meseji ya kawaida ilikuwa imeingia. Ilikuwa na maneno mengi ya Kiingereza, Agatha akayaruka kama anavyoyaruka siku zote, akaenda kwenye namba. 312-746. Mtu mwingine angeona namba sita. Agatha aliona msichana, tena mrefu. Kifua thelathini na moja, kiuno ishirini na saba, urefu arobaini na sita. Akatema pini, akaandika: "Nimezipata. 31 27 46. Ila dada, urefu 46 si atakanyaga gauni mbele ya askofu? Mpime tena."

Jeannine hakujibu. Dakika mbili baadaye simu ilimwambia Agatha kwamba Wasap ya namba yake sasa inatumika kwenye simu nyingine. Akaibonyeza hapa, akaibonyeza pale, akaizima, akaiwasha, akaipuliza kama anavyopuliza cherehani kikishika vumbi. Kisha akaiweka kando akaendelea kushona, akiamini mtandao ukitulia na yenyewe itatulia.

Minza wa Magamba alifika kesho yake saa tano, akashuka kwenye bodaboda, akaingia kibandani na kukaa kabla hajakaribishwa. Alikuwa mama wa Kisukuma, mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi, na mabinti zake wawili walikuwa miongoni mwa wale ishirini na watatu.

"Fundi, habari za hapa."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Nimeshakaribia. Nimekuja kuiona lesi."

"Lesi ipi?"

"Ya elfu kumi na tano."

Damiano, mume wa Agatha, ambaye ni fundi pikipiki na kijiwe chake kiko upande wa pili wa barabara, alikuwa amekuja kuchukua maji ya kunawa. Akasimama na ndoo yake kusikiliza. Minza akatoa simu na kumpa Agatha asome. "Mpendwa mteja, lesi imepanda bei. Ili nianze kushona gauni lako ongeza 15,000 leo hii. Tuma namba hii, jina litatokea la mdogo wangu. Ahsante kwa kuniamini." Na picha ya Agatha juu yake, anacheka.

"Mimi sijaandika hii," Agatha alisema.

"Nilijua. Tangu nikujue hujawahi kuniita mpendwa mteja. Unaniitaga 'we mama Magamba'. Nilishangaa sana."

"Kwa hiyo hukutuma."

"Nilituma. Nilishangaa baada ya kutuma."

Damiano akacheka, kisha akaona uso wa mkewe na kucheka kukaishia kwenye kikohozi. Simu yake Agatha hakuiamini tena; akachukua ya mumewe, akaanza kuwapigia wengine. Hadi saa sita akajua kwamba wanne wametuma, jumla elfu sitini, na kwamba wawili kati yao wamemwita tapeli mbele ya watoto wao. Mmoja wa Nsemulwa alimwambia taratibu kabisa, "Dada, kama ulikuwa na shida si ungesema tu," na hilo ndilo lililomchoma kuliko matusi ya wengine wote.

"Elfu zenyewe nitawarudishia," alimwambia Minza.

"Kwanza ipate Wasap yako," Minza alisema. "Hayo mengine tutaongea. Vipimo vya mabinti zangu unavyo lakini?"

Ndipo Agatha alipokumbuka vipimo viko wapi.

Fundi simu aliitwa Respicius. Alikuwa kijana mwenye heshima na kibanda chembamba karibu na soko, na siku hiyo watu watano walikuwa kwenye foleni, wote wakiwa na masikio.

"Shikamoo mama. Kuna mtu ulimpa namba yoyote jana?"

"Marahaba. Sikumpa mtu namba. Nilimpa vipimo."

"Vipimo vya nini?"

"Vya gauni. Vya msichana mmoja wa Mwese."

Respicius akaitafuta ile meseji, akaisoma, akamgeuzia simu. "Mama, hapa pameandikwa usimpe mtu."

"Hapo pameandikwa Kizungu."

Foleni nzima ikacheka, na mzee mmoja mwenye redio mbovu mapajani akauliza huyo msichana kiuno chake ni ngapi. Agatha aliona aibu ya kweli, ile inayoanzia shingoni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, mweka hazina wa jumuiya, na hapo alionekana kama mtu aliyemfungulia mwizi mlango na kumwonyesha sufuria zilipo.

Respicius peke yake hakucheka. Alieleza kwamba aliyeandika hakuwa Jeannine bali mwizi aliyekwisha kuiba akaunti ya Jeannine. Kisha akaomba namba mpya, ikaja kwenye laini ya Agatha, akaiingiza. Simu ikafikiri kidogo, halafu ikaomba namba nyingine sita.

"Hii ni namba ya siri. Uliwahi kuiweka?"

"Sijawahi."

"Basi kaiweka yeye, ili usirudi haraka. Akili anayo." Akaweka simu juu ya meza. "Utasubiri siku saba, mama. Baada ya hapo utaingia bila hiyo namba yake. Lakini kuanzia sasa na yeye katolewa. Nyie wote wawili mko nje, tofauti ni kwamba wewe una laini."

"Na vipimo vyangu?"

"Vimo humu humu ndani, vimefungiwa tu. Usiifute hii programu. Na usimpe mtu mwingine akujaribie-jaribie, utavipoteza kweli."

Agatha akahesabu kwa vidole. Siku saba zingeishia Jumatano ya wiki ijayo. Askofu ni Jumapili. Akijikaza sana hushona magauni sita kwa siku. Akalipa elfu tano na kutoka bila kuaga, jambo ambalo si desturi yake.

"Mbona rahisi," Damiano alisema wakati wa chakula cha jioni. "Wapigie simu, wakutajie tena vipimo. Kazi imeisha."

Hata mimi ningesema hivyo. Agatha akanunua daftari jipya, akamwita bintiye Hilaria, mwenye miaka kumi na mitatu na mwandiko mzuri, akamtajia majina ya wateja mmoja mmoja kwa kukumbuka sura zao. Hilaria akaandika, moja hadi ishirini na tatu, na kuchora mistari kwa rula. Alipofika ishirini na tatu hakuinua kalamu. Alisubiri.

"Ndio hao," mama yake alisema. "Lete simu ya baba."

Hilaria akafunga kalamu, akaleta simu.

Sasa, ambacho Damiano hakukijua ni kwamba tangu mchana katekista alikuwa amesikia habari na kusambaza tangazo kila jumuiya. Tangazo lilikuwa zuri na fupi: kuna wezi wa mitandao, fundi Agatha ameibiwa, wazazi wote wa kipaimara msitoe namba yoyote kwa mtu yeyote kwenye simu, hata akisema yeye ni nani. Na waumini wa huku ni wasikivu, jambo ambalo kwa kawaida mapadre huliombea.

"Haloo, mama Yotham. Ni mimi Agatha, fundi. Naomba unitajie tena vipimo vya mtoto."

"Namba?"

"Ndiyo, zile namba tatu."

"Shindwa kwa jina la Yesu," mama Yotham alisema, akakata.

Wa pili alimwambia kwamba sauti ameiga vizuri lakini Agatha wa kweli ana mafua. Wa tatu alimtishia kwa jina la kituo cha polisi ambacho hakipo. Wa nne alikuwa mama mpole sana, akasema, "Mwanangu, acha wizi, bado una sauti ya ujana," na Agatha akajikuta anamshukuru. Alipofika wa saba aliweka simu chini na kucheka mpaka machozi, na yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Basi," alisema. "Nitawafuata na futi yangu ya kupimia mkononi. Wakatae na uso wangu."

Alhamisi na Ijumaa akazunguka. Nsemulwa aliimaliza kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Magamba akaenda na Damiano kwa pikipiki, na kule Minza alikuwa tayari amewakusanya wasichana sita nyuma ya nyumba, wamepangwa kwa kimo, akitembea mbele yao kama mkaguzi.

"Pima," alimwambia Agatha. "Mimi nasimama hapa. Ukimaliza, hilo daftari usimwonyeshe hata huyo mumeo."

Mmoja wa wale waliomwita tapeli alikuwepo. Alimshika binti yake bega wakati wote wa kupimwa, na hakutazama futi. Alitazama mikono ya Agatha. Futi ilipokunjwa akauliza kama kweli zile elfu kumi na tano zake zimeenda. Agatha akajibu kwamba zimeenda, lakini lesi ya mtoto ipo, ilikuwapo tangu mwanzo, na hakuna atakayeongeza hata mia. Yule mama akaenda kwake, nyumba ya pili, akarudi na mahindi mabichi manne kwenye mfuko, akamtundikia Damiano kwenye usukani wa pikipiki.

Ikabaki Mwese, kwa Jeannine na mabinti zake watatu. Huko ni mbali, barabara ni ya kupanda na kushuka na mawe, na Agatha hangeweza kupoteza siku nzima ilhali kitambaa kinamngoja. Jumamosi Damiano akaenda peke yake, kwa maagizo mawili. La kwanza, asithubutu kupima mtoto wa mtu mwenyewe. Mama wa mtoto ndiye apime. La pili, achukue kipande cha satini nyeupe chenye kona ya lesi, ili Jeannine aamini ametumwa na nani.

Jeannine alikipapasa kile kipande kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mwembamba, na alionekana hajalala vizuri wiki nzima.

"Satini ni yenyewe," alisema. "Shemeji, mwambie dada anisamehe. Aliniandikia mtu mwenye picha ya kiongozi wetu wa kwaya, akaomba namba. Nikampa. Sikujua kama atakuja kwenu na uso wangu."

"Hata yeye alitoa. Hamna wa kumsamehe mwenzake. Nipe tu vipimo vya mabinti niondoke, jua litanikuta njiani."

Jeannine akatikisa kichwa. "Namba sitoi."

"Niandikie kwenye karatasi basi. Karatasi si simu."

"Namba sitoi tena maisha yangu yote, shemeji. Si kwa simu wala karatasi."

Damiano akakaa kwenye kigogo, akatazama pikipiki yake, akatazama ile njia aliyopita. Lakini Jeannine hakuwa amemaliza. Akaingia ndani, akatoka na uzi mnene wa kushonea magunia na kisu. Akamwita binti wa kwanza, akauzungusha uzi kifuani, akaukata palepale unapokutana, akapiga fundo moja. Akauzungusha kiunoni, akakata, mafundo mawili. Akaushusha kutoka begani mpaka chini ya goti, akakata, mafundo matatu. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Kila binti nyuzi zake zikafungwa pamoja kwa kipande cha kitenge cha rangi yake.

"Mwambie moja ni kifua, mawili kiuno, matatu urefu. Utaratibu ni ule ule."

Damiano aliviingiza vile vifurushi vitatu ndani ya kofia ya pikipiki, akaivaa, na akarudi Mpanda huku mafundo yakimkuna kichwa njia nzima. Agatha alipolaza nyuzi juu ya meza na kuweka futi pembeni, akaona kwamba binti wa tatu wa Jeannine ni mfupi, urefu inchi thelathini na nane. Yule mrefu wa arobaini na sita hakuwahi kuzaliwa. Kwa sababu asizozijua, Agatha alimsikitikia kidogo.

Kuanzia Jumapili mchana baada ya misa alishona. Damiano alipika ugali na mboga siku tatu mfululizo na hakuna aliyelalamika kwa sauti. Hilaria alikata nyuzi zinazoning'inia, akapiga pasi, akatundika magauni kwenye waya uliovuka sebule, na kila gauni lililotundikwa aliweka alama kwenye jina lake katika daftari. Jumatano asubuhi yalikuwa kumi na sita.

Jumatano hiyo siku saba zilitimia. Respicius akaingiza namba iliyokuja kwenye laini, na safari hii simu haikudai nyingine. Meseji zote zikarudi kama zilivyokuwa, vipimo vyote, salamu zote, na ya mwisho kabisa, kwa Jeannine: urefu 46 si atakanyaga gauni mbele ya askofu, mpime tena. Respicius aliisoma kwa sauti bila kukusudia. Foleni ikacheka, na Agatha naye akacheka, na mzee wa redio, ambaye redio yake ilikuwa haijapona, akasogea ampishe nafasi ya kukaa kwenye benchi.

Akalinganisha simu na daftari. Vipimo vya simu vilikuwa vikubwa. Karibu nusu ya kina mama walikuwa wameongeza inchi mbili tatu kila mahali ili gauni lidumu, na Minza aliongeza nne. Kama asingeibiwa, wasichana wale wangesimama mbele ya askofu wakiogelea ndani ya satini. Jambo hilo hakumwambia mtu.

"Sasa tuufunge mlango," Respicius alisema. Akaangalia kama kuna simu au kompyuta nyingine imeunganishwa na akaunti, hakukuta. "Unaweka namba yako ya siri, sita. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiwe moja mbili tatu, isiwe namba yoyote uliyowahi kumtumia mtu. Ukishaiweka, hata mimi nikikuomba unikatalie." Na akageuza uso pembeni, akatazama ukuta.

Agatha akashika simu. Mwaka wa kuzaliwa umekatazwa. Tarehe ya ndoa Damiano aliiandika kwenye tanki la pikipiki. Namba za kadi ya kupigia kura aliwahi kumtumia mwenyekiti wa mtaa. Akagundua kwamba kila namba aliyonayo maishani aliwahi kumpa mtu.

"Nitaiweka nyumbani," alisema.

"Sawa mama. Ila usilale kabla hujaiweka."

Saa kumi na moja jioni gauni la kumi na nane liliingia kwenye waya. Agatha alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani na simu mapajani, anatafuta namba. Hilaria alikuwa chini, anaokota pini kwa sumaku. Akaokota mpaka zikaisha, akaendelea kuokota mahali pasipo na pini.

"Mama, kesho utapata nafasi?"

"Nafasi ya nini?"

"Ya kunipima."

Agatha akafungua mdomo aseme kwamba alishampima. Akatazama simu, hayumo. Akavuta daftari, akapitisha kidole kwenye mwandiko ule mzuri, kuanzia moja hadi ishirini na tatu, na chini ya ishirini na tatu kulikuwa na mstari mmoja mtupu uliochorwa kwa rula. Mtoto aliyeuchora alikuwa anapata kipaimara Jumapili, na alikuwa amepiga pasi magauni kumi na nane ya wenzake.

Iliuma. Ilimuuma kuliko elfu sitini, kuliko foleni ya kwa Respicius, kuliko yule mama wa Nsemulwa na dada-si-ungesema-tu yake.

"Mbona hukusema?"

"Ulisema ndio hao."

Agatha akasimama, akatoa futi shingoni. Mara ya mwisho alimpima kwa sare ya shule, miaka miwili nyuma, na tangu hapo amekuwa akimshonea kwa kukisia, kama anavyotia chumvi. Akamzungushia futi kifuani. Haikuishia alipodhani. Akapima kiuno, akapima urefu, akarudia urefu kwa sababu hakuuamini. Msichana huyu alikuwa amekua ndani ya nyumba hii, mbele ya cherehani hiki, na fundi hakuona.

"Ngapi?" Hilaria aliuliza. "Niandike?"

"Usiandike."

Akachukua simu. Akaandika namba mbili za kifua, mbili za kiuno, mbili za urefu. Simu ikaomba azirudie, akazirudia. Zilikuwa namba ambazo hakuna mtu duniani aliyewahi kutumiwa, kwa sababu hazikuwahi kupita kwenye simu. Zilitoka mwilini mwa mtoto zikaingia mkononi mwa mama yake. Hapa nisizitaje, na Agatha akisikia nimezitaja hatanishonea tena.

"Nione."

"Hapana."

"Lakini ni zangu, mama."

"Ni zako. Zitunze, usinenepe."

Satini haikutosha gauni la ishirini na nne. Mkono wa kushoto ulishonwa kwa kile kipande kilichokwenda Mwese na kurudi, na ukikaribia sana ulisikia harufu ya petroli. Hilaria alilivaa Jumapili akiwa wa mwisho kwenye mstari, na askofu alipompaka mafuta kwenye paji la uso Damiano alilia waziwazi, akasema ni moshi wa ubani. Minza alimsubiri Agatha nje ya kanisa.

"Zile hela zangu usinirudishie. Nilitapeliwa kwa akili yangu na wewe ulitapeliwa kwa akili yako. Ila hawa mabinti, mbona magauni yamewabana?"

"Yamewakaa, mama Magamba. Hayajawabana. Ndivyo gauni linavyotakiwa kukaa."

Minza akawazungusha mabinti zake, akawatazama mbele na nyuma. "Mwakani yatakuwa hayafai."

"Mwakani utawaleta nitawapima."

Wale wengine watatu aliwarudishia kidogo kidogo, akamaliza mwezi wa kumi na moja. Vipimo sasa viko kwenye daftari, na simu ni ya salamu.

Ile programu ina tabia ya kuuliza namba ya siri kila baada ya siku kadhaa, ili mwenye nayo asiisahau. Damiano amejaribu mara mbili kuchungulia, akaambulia kutumwa sokoni. Ikiuliza, Agatha haandiki mara moja. Huinua macho kwanza, akamtafuta Hilaria popote alipo, jikoni au mlangoni na ndoo ya maji, akamtazama juu mpaka chini, ndipo anaandika.

Juzi aliandika hivyo hivyo, simu ikakataa. Akaandika tena polepole, ikakataa. Akamtazama tena mtoto, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kichwa kikikaribia kizingiti, akaelewa kwamba ameandika anachokiona leo, si alichokipima siku ile.

"Hilaria," aliita. "Njoo hapa. Na uniletee futi."